Zao Linalokubaliwa na Chungu: Kumbukumbu za Ngaingai kutoka Kabambare

Kauli ya Rais Félix Tshisekedi kwamba udongo wa Kongo hauna budi kulipiza kisasi dhidi ya kile kilichofukiwa chini yake, kwa maana ya kilimo kuchukua nafasi iliyoshikwa na madini katika uchumi wa nchi, imepata uzito wa pekee kusini mwa jimbo la Maniema, ambako mgodi wa dhahabu wa Namoya, katika wilaya ya Kabambare, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 na kusimama mwaka 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Tangu Goma na Bukavu zilipotwaliwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, bidhaa zinazotoka mashariki zimezidi kuadimika na kupanda bei, na mazungumzo ya barazani na sokoni, Kasongo na Kabambare, yamerudi kwenye swali la miaka mingi: mwenye shamba la jembe la mkono alime nini kitakachompa fedha? Miongoni mwa mazao yanayotajwa sasa ni ngaingai, mmea ambao Watanzania huuita rozela au choya na Wasudani karkade, na ambao sehemu zake nyekundu za ua hukaushwa na kuuzwa duniani kama kinywaji.

Kwa jina la kisayansi mmea huo ni Hibiscus sabdariffa, wa ukoo mmoja na pamba, bamia na mbuyu. Huishi msimu mmoja, shina lake lina nyuzi imara, mzizi wake mkuu huzama chini sana, na majani yake yana uchachu unaotambulika mara moja ulimini. Ua lake huchanua kwa siku moja tu, na likishanyauka, vijani vidogo vilivyolishika kwa chini huanza kunenepa, kujaa maji na kulifunika tunda la mbegu. Mkusanyiko wa vijani hivyo ndio utakaoitwa hapa kikombe cha ua, nao ndio unaotafutwa na wafanyabiashara. Wataalamu huugawa mmea huu katika makundi mawili makuu, moja la matawi mengi na vikombe vya kuliwa, na jingine refu, lenye matawi machache, linalolimwa hasa Asia kwa ajili ya nyuzi za magunia. Na ndani ya kundi la kwanza zimo aina ambazo wakulima wamezichagua kwa vizazi vingi kwa sababu ya majani, na nyingine zilizochaguliwa kwa sababu ya vikombe. Tofauti hiyo ya mwisho, ambayo wanaolisifu zao hili huipita haraka, ndiyo iliyoamua mengi katika matukio yatakayosimuliwa.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alizaliwa upande wa Kabambare katika familia ya Wabangubangu, akakulia baina ya mashamba ya mpunga na mihogo, akaishi ukimbizini mkoani Kigoma, kisha akarejea na kufanya kazi na wakulima wa Kasongo na Kabambare. Katika vipindi vyote hivyo ngaingai ilikuwapo, kila mara katika sura nyingine, na kurejea vipindi hivyo kwa mfululizo kunasaidia kupima matumaini yanayowekwa leo katika mmea huu. Hoja inayojitokeza ni kwamba zao la biashara linalomfaa mkulima mdogo aliye mbali na barabara ni lile ambalo soko likilikataa, chungu cha nyumbani kinalikubali.

Kipindi cha kwanza ni cha utotoni, katika miaka ya 1980, wakati ngaingai haikuhesabiwa kuwa zao hata kidogo. Mpunga, ulioenea katika nchi hii pamoja na misafara ya Waungwana, yaani Waswahili wa biashara ya pwani, iliyopita Kabambare ikitoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19, ndio uliokuwa na shamba lake, kalenda yake na gunia lake. Ngaingai iliota pembezoni, kwenye mpaka wa shamba na karibu na jiko, na mbegu zake hazikununuliwa, kwa kuwa kila mwanamke aliacha mashina machache yakomae kwa ajili ya msimu unaofuata. Bibi yake mwandishi alichuma ncha za matawi, akayachemsha majani na kuyamwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchachu, akayakamua kwa mkono, kisha akayarudisha chunguni pamoja na mawese, kitunguu na ndagala waliokaushwa waliotoka Ziwa Tanganyika. Wageni walipoongezeka ghafla, aliongeza karanga zilizotwangwa, na mboga ikawatosha wote. Vikombe vya ua vya aina hiyo ya nyumbani vilikuwa vyembamba, vya kijani kilichochanganyika na wekundu hafifu, wala hakuna aliyevijali isipokuwa watoto waliovitafuna kwa sababu ya uchachu.

Funzo la kipindi hicho, ambalo thamani yake ilionekana baadaye sana, linahusu namna kuchuma kunavyoubadili mmea. Ncha ya tawi inapokatwa, matawi mapya huchipuka chini yake, hivyo mama anayechuma mboga kila wiki katika miezi ya mwanzo huwa anaupogoa mmea bila kuuita upogoaji, na kichaka chenye matawi mengi hatimaye huzaa maua mengi. Faida ya majani na faida ya maua kwa hiyo zinaweza kutoka katika shina moja, mradi uchumaji ukome pale matumba yanapoanza kuonekana, kwa sababu kuendelea kukata ncha baada ya hapo ni kukata mavuno yenyewe. Ujuzi huo ulikuwa mikononi mwa wanawake wa kijiji muda mrefu kabla ya kuandikwa katika mwongozo wowote wa kilimo.

Katika nyumba hiyohiyo yalikuwapo masimulizi ya zao jingine la ukoo uleule, yaani pamba. Maniema ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa za Kongo ya Wabelgiji ambako pamba ilijaribiwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na sheria ya tarehe 20 Februari 1917 iliwapa watawala uwezo wa kuwalazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali kwa siku 60 kila mwaka, siku ambazo zilifanywa 120 mwaka 1942. Katika miaka ya 1920 kampuni za pamba ziligawiwa maeneo, na ndani ya kila eneo kampuni ilikuwa mnunuzi pekee, hivyo mkulima hakuchagua zao, hakuchagua bei wala hakuchagua wa kumwuzia. Babu yake mwandishi, aliyelima pamba katika ujana wake, aliwaeleza wajukuu kwamba uchungu mkubwa haukuwa fimbo peke yake. Ulikuwa kurudi nyumbani kutoka kwenye mizani na fedha kidogo mkononi, huku shamba la mihogo likiwa limemezwa na magugu katika miezi ambayo nguvu zote zilikwenda kwenye kitu kisicholika. Alikuwa akiongeza, kwa sauti ya mtu asiyetaka mjadala, kwamba mtoto akilia njaa usiku humpi pamba.

Masimulizi hayo yanaeleza kwa nini wazee wengi wa kusini mwa Maniema husikiliza habari za mazao mapya ya biashara kwa upole na kisha kurudi kwenye mpunga wao. Maafisa wa kilimo wamezoea kuiita tabia hiyo ukaidi au hofu ya mabadiliko, ilhali ni hesabu iliyojifunzwa kwa gharama kubwa: mpunga usiponunuliwa hupikwa. Yeyote anayetaka kuleta zao jipya Kabambare anakutana na kumbukumbu ya pamba hata kama hakuna anayeitamka, na jibu la kuridhisha kwa kumbukumbu hiyo ni kuonyesha zao hilo litafanya nini siku mnunuzi asipokuja.

Kipindi cha pili ni cha ukimbizi. Vita vya mwaka 1996 vilisukuma familia nyingi za Fizi, Uvira na Kabambare kuvuka Ziwa Tanganyika, na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huo katika wilaya ya Kasulu, ikawa makazi ya Wakongo kwa miaka iliyofuata. Mgao ulikuwa unga wa mahindi, maharagwe au njegere, mafuta na chumvi. Mboga za majani kila nyumba ilijitafutia. Wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne nje ya kambi bila kibali, hivyo kilimo kilibaki katika kipande cha ardhi kilichozunguka nyumba, ambamo jirani mmoja wa mwandishi, mama kutoka Fizi, alipanda ngaingai kutokana na mbegu alizokuja nazo, akatumia maji aliyonawia na kuoshea vyombo kuimwagilia, na katika wiki chache akawa na kitu cha kubadilishana na wenzake kwa chumvi na sabuni. Mmea unaotoa majani mapema, usiodai mbolea nyingi na unaostahimili siku kadhaa bila maji kwa sababu ya mzizi wake mrefu, ulifaa mahali ambapo hakuna aliyejua ataishi hapo kwa muda gani.

Katika soko la kambi, ambalo Watanzania wa vijiji jirani walilihudhuria, mwandishi aliona kwa mara ya kwanza mmea huohuo ukiwa katika sura ya kinywaji. Mama mmoja mfanyabiashara wa kutoka Makere alikuwa na ndoo yenye mfuniko, ndani yake juisi nyekundu iliyokolea tangawizi na karafuu, na pembeni ungo wa vikombe vikavu alivyoviuza kwa kipimo cha kopo dogo. Mkongo aliyeuliza ni kitu gani aliambiwa, “Ni rozela, mwanangu, onja kwanza ndipo uulize bei,” na baada ya kuonja hakukuwa na shaka kwamba uchachu huo ni wa mboga ya nyumbani. Hata hivyo, vikombe vilivyokuwa katika ungo vilikuwa vinono, vyeusi kwa wekundu wake, tofauti kabisa na vile vyembamba vya Kabambare, na mama yule alipoulizwa alieleza kwamba mbegu zake ni za aina nyingine, na kwamba majani ya aina hiyo hupikwa pia ingawa ni magumu kidogo.

Maelezo yale mafupi yana maana kubwa kwa mjadala wa sasa. Anayesikia kwamba karkade inauzwa kwa bei nzuri, kisha akatazama ngaingai iliyoota nyuma ya nyumba yake, anaweza kudhani kwamba tayari ana utajiri aliokuwa akiukanyaga, kumbe aina ya majani huzaa vikombe vidogo ambavyo baada ya kukaushwa hubaki vipande visivyo na uzito wala rangi. Juisi inahitaji aina yenye vikombe vinono, vilivyojaa anthosianini, yaani rangi za asili zinazoupa mmea wekundu wake. Nayo mboga laini hutoka katika aina ya kijani. Mkulima mwenye busara hupanda zote mbili, lakini mbali mbali, kwa sababu wadudu hubeba chavua kutoka ua hadi ua, na mbegu za aina zilizochanganyika hupoteza taratibu sifa ya kila moja.

Kipindi cha tatu kilianza baada ya kurejea Kongo, katika wimbi la wakimbizi waliorudi baada ya mpango wa kurejea kwa hiari kuanza mwaka 2005. Shirika moja lililokuwa likifanya kazi Kasongo lilisambaza mbegu za aina nyekundu kwa vikundi vya wakulima, mwandishi akiwa miongoni mwa waliowatembelea mashambani, na likaahidi kwamba mnunuzi atafika msimu ukiisha. Maelekezo yaliyotolewa yalifuata kalenda ya mpunga, hivyo mbegu zilipandwa Septemba, mvua za kwanza zilipoanza. Mimea ilistawi vizuri sana, ikapita kimo cha mtu, ikachelewa kuchanua, na vikombe vilipokomaa mvua zilikuwa bado nyingi. Vilianikwa juu ya maturubai uani, vikaingizwa ndani kila wingu lilipotanda, vikatolewa tena, mpaka vikaanza kutoa harufu ya uvundo, na vingine vikaota ukungu wa kijivu katikati ya lundo ambako mkono haukufika.

Mjumbe wa mnunuzi alipofika, kazi yake ilichukua muda mfupi. Alifungua gunia, akachota kwa mkono, akavunja kikombe kimoja ili asikie kama kinakatika au kinapinda, akanusa, kisha akamwaga kiasi kwenye kitambaa cheupe na kukitikisa. Mchanga na kinyesi cha mbuzi vilivyobaki juu ya kitambaa vilitosha kuwa jibu. Aliondoka bila kununua. Kaya zilizong’oa sehemu ya mpunga wao ili kupanda ngaingai nyekundu peke yake zilibaki na magunia ya kutupwa, lakini zile zilizofuata desturi ya kuchuma majani kwa ajili ya mboga na kuuza mafungu sokoni kuanzia Novemba zilikuwa zimekwisha kupata fedha za chumvi, sabuni na karo ya shule kabla mjumbe hajafika. Hasara ilikuwa ileile shambani, ila ndani ya nyumba ilitofautiana sana, na hapo maneno ya babu kuhusu pamba yalipata mfano hai.

Sababu ya mavuno yale kuangukia katika mvua inastahili kufafanuliwa, kwa kuwa inahusu tabia ya ndani ya mmea. Ngaingai ni miongoni mwa mimea inayopima urefu wa mchana, na huanza kuchanua pale mchana unapopungua kufikia takriban saa 12. Kabambare iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, ambako tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mchana mfupi wa Juni haizidi sana nusu saa, lakini tofauti hiyo ndogo inatosha kuuchelewesha mmea uliopandwa Septemba, ukaendelea kuota majani wakati mkulima anasubiri maua. Anayepanda kwa ajili ya mboga hufaidika na ucheleweshaji huo. Anayetaka vikombe hufanya vyema kupanda mwishoni mwa Januari au Februari, ili mmea ukue katika mvua za Machi na Aprili, uchanue siku zinapofupika, na vikombe vikomae kiangazi kinapoingia, kati ya Juni na Julai, wakati hewa ni kavu na kazi ya mpunga imepungua. Vikundi vilivyojaribu kalenda hiyo katika msimu uliofuata vilipata vikombe safi, ingawa mnunuzi wa awali hakurudi kuviona.

Uvunaji wenyewe ndipo mahali ambapo hesabu za karatasini hukutana na vidole vya watu. Kikombe huchumwa kabla hakijakauka mtini, wiki mbili hadi tatu hivi baada ya ua kunyauka, kingali laini na kikivunjika kwa urahisi, na lazima kitenganishwe na tunda la mbegu lililo ndani yake, ambalo lina vinywele vinavyowasha. Wanawake wa kikundi kimoja cha Kasongo walitumia kipande kifupi cha bomba la antena ya redio, kilichonolewa ukingoni. Ncha yake ilisukumwa kwenye kitako cha kikombe mpaka tunda likachomoka upande wa pili, na kikombe kikabaki kizima, chenye tundu chini. Baada ya saa chache vidole vyao vilikuwa vyeusi kwa rangi na vimeganda kwa utelezi. Kilo 10 hivi za vikombe vibichi hutoa kilo 1 tu ya vikavu, hivyo bei yoyote inayotajwa kwa kilo kavu lazima ipimwe kwa saa za kazi hiyo, ambazo kwa kawaida ni saa za wanawake na wasichana, na ambazo hakuna mradi uliowahi kuziandika katika safu ya gharama.

Ukaushaji nao ulibadilika. Badala ya turubai la chini, zilijengwa chanja za fito na mianzi za kimo cha kiuno, zikaezekwa kwa nyasi ili jua lisiangaze moja kwa moja, kwa sababu jua kali hufifisha rangi, wakati upepo unaopita chini na juu hukausha bila kuunguza. Wapo waliotandika vyandarua vya mbu juu ya fito, jambo lililokatazwa baada ya kufahamika kwamba vyandarua hivyo vina dawa ya kuua wadudu, na mikeka ya ukindu ikachukua nafasi yake. Kikombe kilichokauka vyema hukatika kinapokunjwa, na kikifungwa katika mfuko usiopitisha unyevu hukaa miezi mingi bila kuharibika. Katika vijiji visivyo na umeme wala barafu, uwezo huo wa kukaa ndio unaoipa ngaingai nafasi ambayo nyanya na machungwa hayana.

Swali la soko lilibaki, na lilijibiwa kutoka mahali ambapo wataalamu wa mauzo ya nje hawakupatazama. Kasongo ni mji wenye Waislamu wengi tangu enzi za Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ile ya karne ya 19, na katika mwezi wa Ramadhani kila nyumba hutafuta kinywaji cha kufuturia, kama ilivyo Sudan na Misri ambako karkade ni kinywaji cha futari kilichozoeleka. Kikundi kile cha wanawake kilianza kuuza juisi alasiri, karibu na misikiti na sokoni, kisha mialiko ya harusi na maulidi ikafuata. Mavuno huwa Juni na Julai, nayo Ramadhani husogea nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka wa jua, kwa hiyo ni ukaushaji uliounganisha kalenda hizo mbili: vikombe vya kiangazi kimoja vilisubiri mwandamo wa mwezi, popote utakapoangukia.

Biashara hiyo ndogo ilifundisha uchumi kwa uwazi kuliko semina. Ilidhihirika kwamba gharama kubwa ya juisi inatokana na sukari, makaa ya kuchemshia maji na chupa, wakati ngaingai yenyewe ni sehemu ndogo ya matumizi. Sukari hutoka mbali, na bei yake hupanda kila barabara inapofungwa. Ndipo wanawake wakaanza kuchanganya juisi na maji ya nanasi lililoiva, ambalo Maniema linapatikana kwa wingi, wakapunguza sukari bila wateja kulalamika. Iligunduliwa pia kwamba juisi isilazwe katika sufuria za alumini, kwa kuwa asidi yake hula metali hiyo na kuharibu ladha, na kwamba bila barafu haifai kuwekwa kwa muda mrefu; hivyo faida iliyo salama zaidi ilipatikana kwa kuuza vikombe vikavu kwa kopo, mnunuzi ajichemshie kwake.

Wateja walileta pia imani zao. Wengi waliuliza kama juisi hiyo huongeza damu, kwa kuwa ni nyekundu, na baadhi ya wauzaji waliitikia haraka kwa sababu jibu la ndiyo huuza. Ukweli ni kwamba wekundu ule ni wa anthosianini na hauna uhusiano na wekundu wa damu, ingawa majani yakiliwa mara kwa mara ni mboga yenye lishe. Kuhusu shinikizo la damu, upo ushahidi wa kiasi: mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani, wakiongozwa na Diane McKay, walichapisha matokeo ya jaribio la watu wazima 65 ambao shinikizo lao lilikuwa limepanda kidogo, na ikaonekana kwamba waliokunywa chai ya ua hili mara tatu kwa siku kwa wiki 6 shinikizo lao lilishuka kwa wastani wa milimita 7.2 za zebaki katika kipimo cha juu, dhidi ya 1.3 kwa waliopewa kinywaji cha kuigiza. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini hayamruhusu mgonjwa kuacha vidonge vyake, na kikundi kilikubaliana kuuza ngaingai kama kinywaji na mboga, bila ahadi ya uponyaji, kwa kuwa mteja mmoja aliyedhurika katika mji mdogo hufunga soko zima.

Ikiwa hayo ndiyo yaliyopatikana, itaonekana kwamba ndoto ya kusafirisha karkade ya Kabambare hadi Ulaya inahitaji kupunguzwa kasi. Vikombe vikavu ni vyepesi lakini hujaza nafasi, na gunia linalobeba kilo 100 za mchele hubeba sehemu ndogo tu ya uzito huo katika ngaingai, jambo ambalo wasukumaji wa baiskeli na wenye malori huliweka katika nauli. Karkade bora inayofahamika duniani hutoka Kordofan na Darfur, na ni kweli kwamba vita vilivyozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023 vimefika hukohuko mashambani na kuwafanya wanunuzi watafute kwingine; lakini pengo hilo linawaniwa na nchi zenye bandari na maabara za kupima usafi wa mizigo. Hata Nigeria, yenye vyote viwili, ilisimamishiwa soko lake la Mexico mwaka 2017 kwa sababu ya wadudu waliokutwa ndani ya shehena. Mkulima wa Kabambare akiitegemea njia hiyo peke yake, atakuwa amerudi kwenye mizani ya pamba, akisubiri mnunuzi mmoja asiyemjua.

Kinachowezekana ni mpango wa ngazi. Ngazi ya kwanza ni majani, yanayoanza kuliwa na kuuzwa wiki chache baada ya kupanda; ya pili ni vikombe vikavu kwa masoko ya Kasongo, Kabambare na Kindu, mji mkuu wa jimbo, ambako soda kutoka nje zimekuwa ghali; ya tatu ni mbegu, kwa kuwa kikundi kinachotunza aina nyekundu na aina ya kijani bila kuzichanganya kinaweza kuwauzia majirani; na mauzo ya mbali yaje baada ya hizo, pale barabara na usalama vitakaporuhusu. Shamba nalo lina masharti yake: ngaingai isifuate bamia wala pamba katika kipande kilekile, kwa sababu hushambuliwa na minyoo midogo ya mizizini na wadudu wanaofanana, wala isipandwe mahali maji yanapotuama, ila ipokezane na karanga au mpunga wa nchi kavu, na isizidi sehemu ambayo mikono ya kaya inaweza kuivuna na kuimenya ndani ya kiangazi.

Miaka ya 2024 na 2025 imewarudisha watu wengi wa Kabambare katika hali ya kuhama na kurejea, kukimbia mapigano na kurudi kuvuna kilichobaki, na katika hali hiyo zao linaloliwa likiwa changa na kuuzwa likiwa limekauka lina sifa ambayo dhahabu ya Namoya haijawahi kuwa nayo. Kwa hiyo mamlaka za jimbo, mashirika na vyama vya wakulima vinavyopanga kuinua ngaingai vingefanya vyema kuanza kwa wanawake wanaoipika, kuwauliza ni aina gani wanayo, wanaichuma lini na muda gani wa kumenya wanaoweza kuutoa, kisha kupanga msimu, mbegu na chanja kufuatana na majibu hayo. Mnunuzi wa nje akitokea, akute zao ambalo tayari lina mlaji nyumbani, ili bei yake iweze kukataliwa bila mtu kulala njaa. Na uwezo huo wa kukataa bei ndio ambao mkulima wa pamba wa mwaka 1917 hakupewa.